Tangazo Lililofupishwa

Mume wangu Yeseri ni mbishi kupindukia. Kwa miaka mingi aligombana na Mumbere, jirani yetu wa shamba hapa Mubuku, juu ya maji ya mfereji. Huyu akisema yule kafungua lango kabla ya zamu yake, yule anajibu kuwa mwizi ni huyo huyo, kisha jioni unawakuta wanakunywa chai pamoja. Mumbere alipougua akahamia kwa dada yake Bulandina huko Bwera, Yeseri alikosa mtu wa kugombana naye, akanigeukia mimi.

Matangazo ya ushirika wetu huwekwa kwenye ukurasa wa mtandao. Mwenyekiti Abdunoor ana maneno huyo! Kwanza salamu, halafu ng'ombe wa nani kazaa, nani mgonjwa, nani kafiwa. Zamu za maji huja mwisho kabisa. Yeseri alikuwa akinisomea yote kwa sauti huku chakula kikipoa. Basi kivinjari cha simu yake kikajibadilisha chenyewe. Juu ya kila ukurasa kikazuka kisanduku, akili mnemba ya kukusomea na kukufupishia, wala hakuna aliyeiomba. Yeseri akafurahi.

"Ronah, ona! Abdunoor amenyamazishwa!"

Asubuhi moja kisanduku kikasema: leo, zamu ya maji, lango la nne. Yeseri akavaa gambuti zake za mpira, akabeba jembe, akaenda. Nilipompelekea chai nilimkuta peke yake bondeni, maji ameshayafungua, anacheka uvivu wa wenzake. Mimi niliangaza macho mashambani. Huku kwetu mashamba hunyamaza hivyo siku ya maziko tu. Siku hiyo hakuna anayeshika jembe, malango hufungwa na zamu zote husogezwa mbele.

Mara akapita Phionah, jirani yetu, juu ya pikipiki ya abiria, amevaa gomesi, gauni la shughuli za heshima.

"Yeseri! Maji ya nini leo? Si Mumbere anazikwa Bwera? Abdunoor aliandika tangu jana!"

Yeseri alitoa simu, akakisukuma kisanduku pembeni. Chini yake, baada ya salamu, jina la Mumbere lilikuwepo, na mwisho kabisa, zamu ya leo ya lango la nne imesogezwa mbele. Mashine ilichukua zamu ya maji, ikamwacha maiti.

"Nimemkosa," akasema. Sijawahi kumwonea huruma mtu kama nilivyomwonea yeye pale, na gambuti zake.

Phionah akashuka, akampa nafasi yake. Nilifunga lango, kisha Phionah nami tukatafuta pikipiki nyingine. Tulipofika Bwera kaburi lilikuwa linafukiwa, na Bulandina amesimama mbele ya mume wangu, mikono kiunoni.

"Weye ni mutu gani, Yeseri? Unakuja kwa maziko na gambuti ya matope?"

"Nisamehe, dada."

Bulandina akamtazama miguuni, akatabasamu huku machozi yanamtoka. "Mumbere angecheka sana. Kuja, udongo iko bado."

Yeseri akatia udongo.

Tuliporudi nyumbani alikaa na ile simu, hataki kula. Kukiwasha kile kitu walituwashia bila hodi. Kukizima, tukitafute wenyewe! Tuliingia kwenye mipangilio, tukatoka, tukaingia tena, mpaka nikakiona kitufe kimejificha chini kabisa. Nilitaka kukibonyeza, akaninyang'anya simu. Ikamuuliza kama ana uhakika.

"Ndiyo, afande!" akaifokea, akabonyeza.

Kisanduku kikatoweka. Akafungua tangazo la Abdunoor na kuanza kunisomea kwa sauti kama zamani, kuanzia salamu. Chakula kilipoa, nami nikamwacha asome. Alipofika kwa Mumbere alipunguza mwendo.

"Marehemu ameacha ujumbe mmoja kwa wanaushirika: Mwambieni Yeseri zamu yangu ya maji sasa ni yake, aache kuiba."

Yeseri alicheka mpaka akainamisha kichwa mezani, na alipoacha kucheka hakukiinua. Nikamshika mgongo.

Zamu yetu ilipofika, akafungua lango. Maji aliyaelekeza kwanza kwenye mpunga wa Mumbere, akasimama pale na jembe lake mpaka shamba likajaa, ndipo akayaleta kwetu.