Injini Iliyorudisha Maji

Mahganj alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga, kama walivyofanya wanawake wote wa kijiji cha Washap tangu behewa la maji lisitishwe, injini ya mvuke iliporudi. Ilitokea upande wa jangwani, taratibu, ikasimama kwenye tangi la stesheni. Dereva alikuwa Pirdad, aliyefariki mwaka ule wa nzige. Injini yenyewe ilikwisha kukatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Mahganj aliweka shela yake sawa, kwa kuwa Pirdad alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, akamuuliza habari za huko.

"Shwari, shemeji," Pirdad alisema. "Nimewaletea maji yenu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Washap maana yake maji matamu. Palikuwa na chemchemi na mitende kabla ya reli, na reli ilipinda makusudi kuifuata, kama mbwa anavyofuata harufu ya nyama. Injini zikanywa mpaka mitende ikabaki vigogo. Baadaye watu wa reli wakaleta maji kwa behewa, wakaita hisani. Zikaja injini za dizeli zisizokunywa, na mtu mmoja mjini akasema kituo hakina faida. Behewa likakoma. Granaz, mkwe wa Mahganj, alikuwa mjamzito, na alishamwambia mumewe kwamba hazai mahali ambapo mtoto ataogeshwa vumbi. Vitu vyake vilikuwa tayari kwenye furushi.

Pirdad alifungulia maji yakarudi tangini. Yalikuwa ya uvuguvugu, yenye ladha ya masizi.

"Ulipokuwa hai ulichelewa kila siku," fundi wa reli mstaafu alimtania. "Leo umewahi. Kaburi limekunyoosha."

Granaz aliupeleka mtungi wa kwanza kwa mjane kipofu wa jirani, ndipo akajichotea wake. Pirdad akawa anakuja kila Alhamisi. Granaz alifungua furushi, akapanda vitunguu kwenye kopo, akajifungua mtoto wa kike, na mtoto akaogeshwa.

Kisha bwana mkubwa wa reli akaja kwa kiberenge. Aliitazama injini ikimimina, akayaonja maji, akasoma namba ubavuni. Akasema injini ni mali ya reli, iwe nzima au chakavu, na kilichomo ndani yake vilevile. Maji yangepelekwa kwenye kambi ya mgodi wa shaba, ambako bustani zilikuwa zinanyauka.

Mahganj alimwambia maji yametoka hapa.

"Bibi," alijibu, tena kwa upole, "hapa hapana chemchemi kwenye ramani."

"Haipo kwa sababu mliinywa."

Bwana mkubwa alimshukuru kwa chai, maana alikuwa amepewa chai. Wiki hiyo tangi lilizungushiwa waya. Alitakiwa mlinzi, mwenyeji ikiwezekana, naye angepewa kofia, rungu, mshahara, na chupa moja ya maji kila zamu. Kazi nyingine Washap haikuwepo. Dilmurad, mwana wa Mahganj, aliichukua ili mkewe na mtoto wasihame.

Pirdad hakuacha kuja. Alisema reli haina kona ya kumtorosha mtu, na maisha yake yote alishusha mzigo pale reli ilipomfikisha.

Alhamisi iliyofuata Mahganj alikwenda na mtungi wake mpaka kwenye waya.

"Rudi nyumbani, mama," Dilmurad alisema.

"Nani anasema, wewe au kofia?"

"Kofia, mama."

Kisha akaitoa chupa yake, akampitishia katikati ya waya. Hakuwa ameionja, na midomo yake ilikuwa imepasuka. Akasema ni ya kumwogeshea mtoto. Mahganj aliipokea, maana mtoto hana kosa. Nyuma ya mwanawe Pirdad alikuwa anamimina, macho chini, na mabehewa ya mgodi yalikuwa yanajaa.