Mikono ya Cherehani, Pikapu ya Spana

Cherehani alirudi kutoka kiwandani saa kumi na nusu jioni, nyayo zikimuwaka moto. Akapita jikoni, akanywa maji bilauri mbili bila kukaa, akavua gauni na kuvaa ovaroli ya mumewe iliyoning'inia nyuma ya mlango. Mikono ya ovaroli ilikuwa mirefu, akaikunja mara tatu. Kutwa nzima alikuwa ameshona kola za mashati ya sare, na kidole gumba cha kulia kilikuwa kimekufa ganzi. Uani, mumewe alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na pikapu, fimbo imelala mapajani, macho yote mlangoni.

"Nipe dakika tano nipumue," Cherehani alisema.

"Tano," mumewe akaitikia, akainua vidole vinne.

Watu walimwita Spana. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa mabasi, fundi ambaye alisikiliza injini kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, kisha akakuambia ugonjwa kabla hujamaliza kumsimulia. Jina la Cherehani alilitoa yeye mwenyewe siku za uchumba. Kwanza kwa sababu msichana alikuwa mshonaji, na pili kwa sababu, alivyodai, akianza kusema hakuna wa kumkatia uzi.

Pikapu ilikuwa kongwe kuliko ndoa yao. Spana aliikuta nyuma ya nyumba ya mfuga kuku, haina injini, kuku wanatagia kwenye viti. Akaivuta mpaka nyumbani kwa kamba, huku majirani wakimcheka wazi wazi. Alitaka sura ibaki ile ile ya zamani, taa za mviringo na mabega mapana, lakini chini ya boneti iwe na injini ya dizeli yenye tabo: kile kifaa mfano wa konokono wa chuma, ambacho moshi wa ekzosi unazungusha gurudumu lake dogo, nalo linasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Magari mengine yalitoka viwandani na tabo zake. Yeye alitaka kuifunga kwa mkono wake, uani kwake, kwenye gari ambalo aliyeliunda hakuwahi kuliota jambo hilo. Jioni baada ya jioni, miaka mitano ikapita.

Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono wa kulia, kikaulegeza mguu, na kikayavuruga maneno. Maneno hayakupotea yote. Yalichanganyika tu, kama vifungo vya makopo tofauti vilivyomwagika sakafuni. Alijua anachotaka kusema, akachomoa neno, likaja jingine. Baada ya wiki chache alichoka kuaibika akaamua kunyamaza kabisa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia Cherehani ampe mumewe vitu alivyozoea kuvishika. Akaenda uani, akaibeba tabo kwenye sinia kama mtu anayebeba chakula cha mgeni, akamwekea mapajani. Spana aliigeuza geuza kwa mkono wa kushoto, akapuliza vumbi, akalizungusha gurudumu lake kwa kidole. Halafu akanyoosha kidole kwenye sanduku la vifaa na kusema kwa sauti, "Kijiko!"

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku arobaini. Cherehani akamletea kijiko. Spana akatikisa kichwa, akanyoosha tena kidole, na ndipo mkewe akaelewa kwamba ni spana. Mtu aliyebeba jina hilo nusu ya maisha yake alikuwa hawezi kulitamka. Walicheka wote wawili mpaka tabo ikataka kuanguka, kisha Cherehani akaenda bafuni, akafungulia maji, akalia.

Hivyo ndivyo alivyojikuta chini ya gari. Alijifunza lugha mpya ya mumewe neno kwa neno. Kijiko ni spana. Chai ni oili. Mto ni gasketi. Dirisha ni rejeta. Mikono yake haikuwa migeni kwa mashine. Alijua nati iliyokaza na iliyokaza kupita kiasi, na alijua kwamba chuma hakipendi haraka. Mchomeleaji wa mtaa wa pili alikuja mara mbili kuunganisha bomba la ekzosi na kitako cha tabo. Mengine yote aliyafanya yeye, akiongozwa na mtu anayeomba mto akitaka gasketi.

Lakini alikuwa amechoka. Hakumwambia mtu. Alichoka asubuhi akiamka, akachoka kwenye foleni ya kugonga kadi kazini, akachoka akipika. Na ukweli aliouficha moyoni ni kwamba hakuipenda hata kidogo ile pikapu. Alimpenda mwenye pikapu, na hilo lilikuwa jambo jingine.

Wifi yake, dada mkubwa wa Spana, alikuja Jumamosi moja akakuta miguu ya Cherehani inachungulia chini ya gari.

"Wifi, hebu toka huko tuongee."

"Ongea tu, nakusikia."

"Siongei na viatu mimi."

Cherehani akajivuta nje, uso umepakwa oili upande mmoja. Wifi alimtazama kwanza kwa hasira, halafu hasira ikalegea.

"Umejiona kwenye kioo siku za karibuni? Umebaki macho tu. Kaka yangu harudi kazini, wifi. Tusidanganyane. Hili dude liondoke, upate uwanja wa kuanikia nguo, na wewe upate kulala kama binadamu wengine."

"Akiwa hapa nje anaongea," Cherehani alisema. "Ndani haongei."

"Na wewe unaongea na nani?"

Cherehani alifuta oili usoni kwa mkono wa ovaroli. Spana alikuwa pale pale kitini, anasikia kila kitu, anautazama mkono wake wa kulia.

Wiki iliyofuata waliwasha injini kwa mara ya kwanza. Walifanya kama Spana alivyoagiza: kwanza waliizungusha kwa starta bila kuiruhusu iwake, ili oili ifike kwenye tabo. Kisha Cherehani akaiwasha kweli kweli. Ikakohoa, ikatikisika, ikashika. Spana akainua ngumi ya kushoto. Furaha hiyo haikudumu. Kwenye ekzosi ulianza kutoka moshi wa buluu, mwembamba kwanza, kisha mzito, ukajaa uani, ukavuka ukuta, na jirani akasikika akiuliza kwa sauti kama kuna mtu anachoma matairi.

"Mvua!" Spana alipiga kelele. "Mvua! Nilisema mvua!"

Ni kweli alikuwa amesema. Siku ile Cherehani akifunga bomba la kurudishia oili kutoka kwenye tabo, mumewe alirudia neno hilo mara nyingi, na yeye akadhani bomba lisinyeshewe. Akalifunika kwa mfuko wa plastiki na kulisokota kwa waya, vizuri kabisa, kama zawadi. Sasa ndipo alipoelewa. Mvua maana yake ishuke. Bomba lile lazima literemke moja kwa moja, kwa sababu oili inarudi kwenye injini kwa uzito wake tu. Yeye alilipitisha juu ya fremu kwanza, likapanda kabla ya kushuka, na oili ilipokosa njia ikapenya ndani ya tabo na kuungua.

Kazi ya majuma mawili. Kila kitu kifunguliwe upya.

Cherehani alizima injini. Akashuka. Akatupa spana ikagonga ukuta na kuacha shimo kwenye plasta.

"Mvua ni mvua!" alisema. "Kushuka ni kushuka! Nitajuaje mimi? Natoka kushona nakuja kulala kwenye matope ya oili, nabahatisha maneno kama mchezo wa watoto. Nilikuwa na mume. Sasa nina kazi mbili!"

Akataka kuyarudisha maneno mara tu yalipotoka, lakini hayarudi. Spana alichukua fimbo yake, akainuka kwa shida, akaingia ndani. Jioni hiyo walikula kimya, na kimya kile hakikutokana na kiharusi.

Kesho yake Cherehani alirudi kutoka kazini akiwa amejikaza kuomba radhi. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Akamwita, akakimbia sebuleni, chumbani, akarudi uani, na ndipo alipoona soli mbili za viatu zimetokeza chini ya pikapu.

"Umeanguka?"

"Hapana," sauti ilijibu kutoka chini.

Aliinama. Spana alikuwa amelala chali kwenye gunia, shati limelowa jasho, mkono wa kulia umelala kifuani. Kwa mkono wa kushoto alikuwa amekwisha fungua boliti tatu za bomba lile. Boliti ya nne ilikuwa imeng'ang'ania. Baadaye Cherehani alijua kwamba kujiingiza tu mle chini kulimchukua karibu saa nzima, na boliti tatu zikamla mchana wote.

Cherehani akalala kando yake bila kuvaa ovaroli, na gauni lake la kazini bado mwilini, akashika mpini wa spana pamoja naye. Walivuta kwa pamoja, na boliti ikaachia.

"Pole," Spana alisema. Neno lilitoka zima, mahali pake.

"Pole na wewe," Cherehani akajibu.

Bomba jipya lilishuka wima kama mvua ya kweli. Siku waliyoiwasha tena, moshi wa buluu ulitoka kidogo, mabaki ya oili ya mwanzo, kisha ukakatika. Spana aliweka bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza muda mrefu, akaitikia kwa kichwa.

Jumapili mchana walitoka barabarani. Cherehani ndiye aliyeendesha. Leseni aliipata ujanani alipokuwa akigawa mikate kwa gari la bekari, na hakuwa mwoga wa usukani. Walipita mtaani polepole, pikapu haijapakwa rangi, mlango mmoja wa kijivu na mwingine wa kutu. Walipofika kwenye mlima wa nje ya mji Spana akapiga dashibodi kwa kiganja, mara mbili. Ongeza.

Akakanyaga. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha ukasikika mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, na kiti kikamsukuma mgongoni. Lile dude zito, lililotagiwa na kuku, likapanda mlima kama linateremka. Walipita lori. Walipita gari jipya la mtu aliyebaki amekodoa macho. Spana alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtiririka pande zote mbili.

Pu!

Mlio ulikuwa kama wa tairi kupasuka. Mluzi ukafa, nguvu zikaisha, moshi mweusi ukatapakaa nyuma yao. Cherehani aliipeleka pembeni, akavuta breki ya mkono, akazima. Alijua hata kabla ya kufungua boneti kwamba hozi ya hewa imechomoka. Klipu haikukazwa vya kutosha, na aliyeikaza ni yeye. Haikuwa hasara kubwa. Dakika kumi za kazi. Alitakiwa tu kufungua mlango, kushuka, na kuchukua bisibisi.

Hakuweza. Aliuweka mkono kwenye kitasa na mkono ukakataa.

"Nimechoka," alisema.

Spana aligeuka kumtazama.

"Sio leo tu. Nimechoka tangu uanguke. Nimechoka mpaka naogopa kukaa, maana nikikaa sitainuka." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma mita. "Nilikuwa sitaki ujue."

Magari yalipita, pikapu ikayumba kidogo kila lori likipita. Spana alikuwa anatafuta neno. Cherehani aliliona likipanda na kushuka kooni mwake, likikataliwa, likichukuliwa jingine.

"Lala," mwishowe akasema.

Alishuka upande wake, akashikilia bodi mpaka mbele, akafungua boneti. Cherehani aliegemeza kichwa dirishani kwa nia ya kufumba macho dakika mbili. Alipoyafumbua jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara, na shingo imekakamaa. Alikuwa amelala zaidi ya saa moja.

Spana alikuwa ameketi kwenye bampa. Hozi ilikuwa imerudi mahali pake, klipu imevishwa, ila skrubu yake haikuwa imekazwa. Ilitaka mkono mmoja ushikilie na mwingine uzungushe. Hapo ndipo uwezo wake ulipokomea. Asingeweza kuendelea peke yake, na hakumwamsha. Alikaa tu juani akimngoja.

"Ungeniita," Cherehani alisema.

Mumewe akatikisa kichwa. Akashika hozi, mkewe akakaza skrubu mpaka mwisho, na wakarudi nyumbani mwendo wa pole, bila mluzi.

Jioni ile, Cherehani akiwa anaosha mikono, alisikia mumewe sebuleni akiongea kwa simu. Spana hakuwa amempigia mtu tangu augue. Alikuwa akihangaika na maneno, akikosea, akirudia, na upande wa pili dada yake bila shaka alikuwa akikisia.

"Njoo," alikuwa akisema. "Jumamosi. Njoo kwa... kwa... wewe. Mikono yako. Mke wangu alale."

Jumamosi wifi alikuja saa mbili asubuhi, amevaa kanga kuukuu na uso wa mtu aliyelazimishwa. Pikapu ilibaki kupigwa msasa kabla ya kupakwa rangi. Cherehani, kitandani, alimsikia akigombana na kaka yake uani: "Chai gani unataka tena, si umekunywa sasa hivi?" Alifikiria kuinuka akamwambie kwamba ni oili. Akageukia ukutani. Watajuana wenyewe.