Nikunje na Mimi

Mama Chiriku alilitandaza begi juu ya kitanda, akalifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akaanza na vitu vizito. Viatu vilikaa upande wa magurudumu, na ndani ya viatu akashindilia soksi. Suruali zikafuata, kisha fulana zilizokunjwa mara tatu na kusimamishwa wima, ili mtu akifungua aione kila moja bila kupekua. Dawa ya homa na nguo za kubadilisha njiani zilikwenda kwenye mfuko wa nje, maana mtoto hangoji mfike ndipo atapike. Alipomaliza, nusu ya begi ilikuwa bado tupu.

Begi lilikuwa hilo hilo moja. Wapo watu wanaosafiri na watoto wakiwa na mabegi manne, na wakifika wanakuta miswaki imebaki nyumbani. Wapo pia wanaofunga begi kwa kulikalia. Mama Chiriku aliwaonea huruma watu wa namna hiyo, lakini si sana. Yeye alikuwa dobi, na katika kukunja hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Alianza na mashuka, kama madobi wengine. Baadaye aligundua kwamba ukikilaza kitu kwa kiganja cha mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukakitoa hewa taratibu bila papara, kitu hicho kinakubali. Tangu hapo alihamia kwenye mambo makubwa.

Kwa hiyo baada ya fulana alikunja baiskeli ya magurudumu matatu, mara mbili kwa urefu na mara moja kwa upana, akailaza pembeni ya taulo. Akakunja beseni la kuogea na kiti cha kulia cha mtoto. Akakunja na godoro dogo, kwa sababu godoro la ugenini hujui limelaliwa na nani. Mwanawe wa pili, ambaye kwa mashavu yake aliitwa Bonge, alisimama kando akiitazama baiskeli yake iliyokuwa nyembamba kama gazeti. Akauliza kama na kengele imeingia. Mama akamwambia imeingia. Bonge akaenda zake kucheza.

Chiriku mwenyewe alikuwa darasa la tatu, na alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake ulipumzika akilala tu. Yeye ndiye aliyekuwa akijifunza kazi.

"Sheria ya kwanza?" mama akamwuliza.

"Toa kabla hujaingiza."

"Ya pili?"

"Usikunje kitu ambacho hakijatulia. Kitatoka na makunyanzi."

"Ya tatu?"

"Ukifika, fungua mahali penye nafasi. Halafu mama, na ile nyingine, kwamba kitu kilichokunjwa vizuri hakisikii njaa wala baridi."

"Hiyo si sheria. Hiyo ni faida yake."

Chiriku akaleta vazi lake la kuogelea, la buluu, likiwa bado na karatasi ya dukani, akalikunja mwenyewe na kuliweka juu kabisa. Lilikuwa la pili. La kwanza lilimbana kabla halijaonja maji. Baba yake, ambaye utotoni alikuwa akivuka mto kwa kuogelea huku anapiga soga, alikuwa amemwahidi kumfundisha likizo ile, na likizo ya kabla ya ile. Mama hakujua kuogelea. Alijua kufulia maji, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Baba Chiriku hakuwa mtu mbaya. Alileta mkate nyumbani, hakuinua sauti, na alipowaona wanawe alifurahi kweli. Ila aliuza mabomba kwa niaba ya kampuni, na mabomba hayo hayakumpa nafasi ya kupumua. Siku ile alikuwa kwenye kochi, simu sikioni, mkoba wa kazini katikati ya miguu.

"Baba Chiriku, kesho basi linaondoka asubuhi."

"Mke wangu, kazi imenikaba kooni. Tangulieni, nitawafuata."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, tukakaa tunaangalia barabara mpaka tukarudi."

"Basi nikunje na mimi uniweke humo," akasema, akacheka mwenyewe, akapokea simu nyingine.

Mama Chiriku hakucheka. Miaka yote alikuwa akijiuliza kama mtu huyu anawapenda, na swali hilo lilikuwa limemchosha roho. Sasa akaona huenda halikuwa swali lenyewe. Huenda mume wake alikuwa tu mzigo ambao haujapangwa. Na kama ni suala la kupanga, basi limefika kwa mwenyewe. Usiku huo alilala usingizi mzito, jambo ambalo halikuwa kawaida yake kabla ya safari.

Asubuhi alimkuta amesinzia palepale kwenye kochi, tai shingoni, ametulia tuli. Akamvua viatu, saa na mkanda. Simu haikutoka, vidole viliibana hata usingizini, na mama, ambaye miaka yote hakuwahi kuvunja sheria ya kwanza, akaiacha. Akamlaza mikono kifuani, akamkunja magotini, kisha kiunoni, huku anamtoa hewa kuanzia miguuni kwenda juu. Baba Chiriku akapumua kama mtu anayeingia kwenye maji ya vuguvugu. Aliingia vizuri kati ya taulo na nguo za kulalia, na zipu ikafungwa bila kushikwa na mtu wa pili.

"Na huu?" Chiriku akauliza, akiwa ameukumbatia mkoba wa kazini. "Baba hawezi kukaa bila huu."

"Uache."

"Atahangaika, mama."

Mama hakutaka kubishana basi likiwa linangoja. Chiriku akaupakata mkoba ule njia nzima.

Njiani simu ililia ndani ya sehemu ya mizigo, na ikapokelewa. Basi liliposimama abiria wanyooshe miguu, kondakta alimfuata mama Chiriku.

"Mama, kwenye begi lako kuna mtu?"

"Mume wangu."

"Ana tiketi?"

"Amekunjwa. Ni mzigo."

Kondakta akalifikiria hilo, akaona lina mantiki. "Basi mwambie apunguze sauti. Mzigo wa mwenzako hapo chini ni mayai, na yeye anagonga gonga akiongea."

Nyumba waliyopanga ilikuwa kando ya ziwa, na ukisimama barazani ungeweza kurusha jiwe likaanguka majini. Mama alisukuma viti ukutani, akalifungua begi sakafuni, akamkunjua mumewe kuanzia kiunoni. Akasimama. Alikuwa na mstari mmoja katikati ya kifua na mwingine magotini, kwa hiyo mama akamtundika kwenye henga barazani, upepo umnyooshe. Alining'inia pale akitazama maji.

"Pazuri hapa," akasema. "Na hewa ni safi."

Chiriku alikuwa ameshavaa vazi la buluu.

"Baba, twende."

"Ngoja mikunjo iishe, mwanangu."

Mikunjo iliisha kabla ya chakula cha mchana. Simu haikuisha. Alishuka kwenye henga, akatembea huku na huko barazani akiwa amelipa ziwa kisogo, anawaeleza watu wa mbali juu ya bomba nene na bomba jembamba. Chiriku alikaa kwenye ngazi, miguu imebanana. Jua liliposhuka baba akamshika kichwa, akamwambia kesho. Wakati wa chakula cha jioni akasema kwamba kesho asubuhi gari la kampuni litamfuata, anaingia mjini mara moja tu, jioni yuko hapa.

"Baba Chiriku, umekuja leo au hukuja?" mama akauliza.

"Nimekuja. Si umeniona?"

Mama akakusanya sahani. Alikuwa amemleta kitu kizima, bila hata kupotea kifungo cha shati, na bado hakuwa amefika. Jambo hilo lilimuuma, tena lilimuuma mahali ambapo alikuwa akijivunia.

Asubuhi gari lilikuja na kuondoka watoto wakiwa hawajaamka, au ndivyo mama alivyodhani. Alipoingia kumwamsha Chiriku, shuka lilikuwa limetandikwa. Juu yake kulikuwa na vitu vya mkoba wa kazini: waya wa simu, mwavuli, kalamu na vipande vya bomba vya kuonyesha wateja, vyote vimepangwa kuanzia kikubwa mpaka kidogo. Vazi la buluu halikuwapo. Mama akakaa kitandani. Mtoto alikuwa ametoa kabla hajaingiza. Kujikunja mwenyewe ni kazi ngumu, kwa sababu mkono wa mwisho huna wa kuulaza, na yeye mama hajawahi kulijaribu hilo. Kwanza alijivunia, kisha roho ikamuuma, akalia kidogo, akaosha uso, akapiga simu.

"Mtoto yuko kwenye mkoba wako."

"Yupi?"

"Chiriku."

"Ndiyo maana sioni kalamu. Anapumua?"

"Yuko salama, kama amejikunja vizuri, na naona amejikunja vizuri. Ila usimfungue kwa papara. Tafuta mahali penye nafasi."

"Hapa meza imejaa, mke wangu. Nikimaliza kikao."

Jioni alipiga tena. Baba Chiriku alisema ameshindwa kutoka, yuko nyumbani, amechoka hajiwezi, na mkoba ameuweka mlangoni palepale unapokaa siku zote. Atamfungua kesho akiwa na nafasi. Siku iliyofuata jibu lilikuwa hilo hilo. Mara nyingine mama aliisikia sauti ya Chiriku kwa mbali, inaongea mfululizo, na mtu akauliza hicho ni nini, na mumewe akajibu kwamba ni redio. Bonge, ambaye hakuwa ameahidiwa kitu, alijitupa majini na beseni lake na kuelea kama kizibo.

Baba Chiriku alirudi siku ya mwisho ya likizo, gari likimngoja nje na injini haijazimwa. Aliuweka mkoba mezani.

"Huyu hapa," akasema. "Hakusumbua hata kidogo." Kisha simu ikalia, akatoka nayo barazani.

Mama alisukuma viti ukutani. Akauteremsha mkoba sakafuni, akafungua zipu, akamkunjua binti yake kiungo kimoja kimoja, bega, kichwa, miguu. Alikuwa na mkunjo mdogo juu ya paji la uso, ambao haukutoka kwa kiganja, na baadaye haukutoka hata kwa pasi. Hakuwa amelia. Alikuwa na mengi ya kusema.

"Mama, kazini baba anacheka."

"Anacheka?"

"Sana. Kuna mhasibu anamvunja mbavu. Na mama wa chai, baba anamjulia hali mpaka ya mguu wake. Halafu binti wa mhasibu alikuja baada ya shule, baba akaacha kazi akamfundisha kupiga mluzi. Akamwambia usibane meno, lainisha ulimi, rudia, rudia tena, hivyo hivyo. Hakuchoka, mama. Mimi nikafuatisha humo ndani."

Akakaza midomo, akapuliza. Ulikuwa mluzi safi, mrefu, bila mkwaruzo. Barazani, baba yake aliziba sikio moja ili asikie simu.

"Mwaka ujao niweke kwenye mkoba moja kwa moja," Chiriku akasema. "Tusihangaike na basi."

Mama Chiriku alilifikiria hilo kama mtu anayeijua kazi yake, na hakuona kasoro. Begi lingekuwa jepesi, na mtoto angekaa na baba yake likizo nzima. Akalitoa vazi la buluu mkobani, likiwa bado na karatasi ya dukani, akalikunja mara tatu na kulisimamisha wima pembeni ya taulo. Halikuhitaji kuanikwa.