Mkeka wa Jeddah, Mashine ya Riyadh

Bisha, we bisha tu, mimi Griffins niliyeachia shule kidato cha pili nayajua mazoezi ya pilates kushinda mwanamke yeyote aliye nyuma ya mlango ule mweusi, na sijawahi kutia mguu mle ndani, dereva mwanamume haingii, anangoja garini injini ikinguruma kama mimi sasa hapa Al-Rawdah, Jeddah, macho kwenye mlango, maana madam akitoka tu ni yalla, Riyadh, moja kwa moja, harusi ya dadake, yeye na mtoto na Shirleen nyuma, mimi mbele, jangwa lote lile, na huu mguu wa kulia... hebu wacha mguu kwanza. Kuna pilates ya mashine na kuna ya mkeka. Ya mashine ni ile ya Riyadh, tulipokaa Malaz, kitanda chenye ubao unaoteleza kwenye reli, springi chini yake, unalala chali unasukuma chuma kwa nyayo, ubao unaenda, springi inakurudisha, ukitaka kazi ngumu unafunga springi zaidi, ukitaka nyepesi unafungua, nikamwambia Noah mlinzi wa geti hiyo ni bembea ya matajiri, akacheka mpaka akakaa chini. Na nani aliipandisha kwa madam, ngazi zote zile, lifti imekataa kuimeza? Mimi, peke yangu, Noah amenyoosha mikono asaidie nikamwambia kaa kando mzee usivunjike, nikaibeba mgongoni, na pale kwenye kona ya mwisho kitu kikalia kiunoni, ta, kama kijiti... baba, mume wa madam, akapiga makofi, Noah akapiga makofi, hadithi inaishia kwa makofi, siku zote naimalizia hapo. Ya mkeka ndiyo hii ya Jeddah, mafi springi, hakuna reli, wewe na sakafu na uzito wako, unalala, unajikunja pingili moja baada ya nyingine mpaka ukae, hiyo ndiyo ya wanaume, nilimwambia Shirleen, yaya wetu, anayeingia na madam kumshika mtoto na kuniletea habari za ndani, naye akaniuliza wanaume gani, wewe ukiinama kufunga kamba ya kiatu unapumua kama ng'ombe anazaa, nikasema ni biriani hiyo. Nikamtuma amuulize mwalimu zoezi la tumbo, tumbo la vipande vipande, akaniletea lile la kujikunja, na kila asubuhi nalifanya juu ya katoni chumbani kwangu, na kila asubuhi ganzi inashuka kidogo zaidi, kiunoni, pajani, sasa kisigino... ni kukaa sana tu. Dereva yeyote hukaa sana. Dereva mgonjwa naye kafili, mwajiri wake, humkatia tikiti, halas, nyumbani Butere, na mama ameshalitangazia kanisa zima kijana wangu anaendesha magari makubwa ya Waarabu. Mlango umefunguka, moyo umeruka, kumbe ni Shirleen na mtoto, madam bado anavaa abaya, Shirleen anaongea, anamfunga mtoto kwenye kiti, mtoto anapiga teke mgongo wa kiti changu na kila teke nalisikia mpaka kwenye meno, Shirleen anasema leo kumekuja mama mgeni, mwalimu kabla hajaanza huuliza nani anaumwa mgongo, yule mama akainua mkono, na mwalimu akamtoa mkekani palepale, akamlaza kwenye mashine moja iliyo pembeni, springi nyepesi, eti mgongo wenye shida haukunjwi hovyo sakafuni, ganzi yake inaweza kushuka mguuni mpaka unyayoni... namsikia nusu, nakanyaga breki nijaribu, nakanyaga au sikanyagi, kama mguu wa mtu mwingine aliyelala. "Na siku nilipokuombea zoezi aliniuliza kama unaumwa mgongo," anasema Shirleen, "nikamwambia huyo wetu haumwi kitu, anaumwa sifa tu." Nacheka. Nacheka kama nilivyocheka jana kwenye taa nyekundu, gari liliposogea lenyewe mpaka karibu na yule mzee anayevuka, likasimama kwa breki ya mkono, mtoto akapiga makofi akataka tena, Shirleen akafoka wacha kujionyesha, nikamwambia namchezea mtoto, makofi tena, kila mara makofi... anapiga teke sasa, anasema yalla Gifin, yalla, viatu vyake vidogo, na jangwa lote lile, malori, usingizi, yeye nyuma yangu. Mlango mweusi bado umefungwa. Injini bado inanguruma.

"Shirleen, mshushe mtoto."

"Kwani?"

"Ile ya jana kwenye taa sikuwa nacheza. Niliinama kuangalia mguu wangu uko wapi."