Anza na Huyu Mwenye Ndoo

Koti aliingia dukani kwangu Jumanne asubuhi bila hodi, kama anavyoingia kila mahali, akaweka picha juu ya meza ya kukatia karatasi.

"Mdogo wangu," akasema, "hawa watu wa nyuma nataka uwatoe. Nibaki peke yangu."

Jina la Koti tulimpa kiwandani, kwenye kiwanda cha sabuni, kwa sababu alikuwa mfanyakazi pekee aliyevaa koti katika chumba cha kuchemshia mafuta. Sisi tukitiririka jasho, yeye amefunga vifungo vitatu, akisubiri siku Meneja atakapompandisha cheo. Sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi kwa mwaka wa ishirini na mbili, na mwezi ule alikuwa anastaafu. Kamati ilitaka kutundika picha yake ukumbini. Hakutaka ile ya tumbo la sasa. Alitaka ya siku ya mgomo.

Niliichukua. Ilikuwa picha ndogo, ya kutosha kiganjani, imekunjika pembe moja. Uwanja wa kiwanda. Koti mbele, kijana, mkono umenyooshwa juu ya vichwa vya watu kama anahutubia. Nyuma yake wafanyakazi wapatao kumi na watano. Na kule mbali kabisa, kwenye bomba la maji, mwanamke ameinama na ndoo mbili.

Nilimjua kwa mgongo tu. Dada yangu.

"Umeipata wapi?" nikauliza.

"Walikuwa wanatupa makabati ya ofisi ya zamani. Bahati tu." Akacheka. "Tumia hizo programu za bure, eti? Chama hakina fungu la mapambo."

"Za bure zipo nyingi, mwenyekiti. Kila moja ina kilema chake."

"Chagua wewe. Wewe si ndiye uliyejifundisha kila kitu?"

Alikusudia kuniuma. Ni kweli, nilijifundisha. Sheria za kazi nilizisoma kwenye vitabu vya kuazima, mpaka nikafukuzwa kiwandani kwa kuzisoma kwa sauti wakati wa mapumziko. Kompyuta nilijifundisha kwenye mashine iliyotupwa. Nina duka la picha za pasipoti na fotokopi, na nina kumbukumbu. Watu huniambia, "Achana na mambo ya zamani." Huwa nawauliza wao wameachana nayo kwa faida ya nani.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Siku ya mgomo, mtu alipeleka majina ofisini. Saa kumi na nusu wanawake watatu walipewa barua za kufukuzwa palepale uwanjani: Mama Pacha, Kijiti na Bi Mizani, yule aliyekuwa akipima sabuni. Hao ndio walioupanga mgomo, na Meneja hakupaswa kuwajua. Jioni ile Koti akapanda juu ya kreti, akasema kwa macho yake amemwona Dada akiingia ofisini saa kumi kamili na kutoka saa kumi na robo. Na kwa kuwa Dada hakupewa barua, watu wakaamini. Nani angebisha?

Dada alifanya kazi miezi miwili zaidi. Akikaa kwenye benchi kula, benchi linabaki lake. Akisalimia, mtu anakumbuka amesahau kitu. Akaacha mwenyewe. Miaka ishirini na miwili sasa anapita njia ya nyuma akienda sokoni, asikutane na Bi Mizani, ambaye alikuwa shoga yake wa kusukana nywele.

Kwa nini nilikubali kazi ya Koti? Nilitaka kuibakiza ile picha. Hatukuwa na picha hata moja ya siku hiyo. Sikuwa na nia nyingine, wallahi, mpaka nilipoiweka kwenye skana.

Nilianza na programu ya mtandaoni, isiyohitaji kusakinisha. Unaipakia picha, unampaka mtu rangi nyekundu kwa kipanya, anayeyuka. Ilimyeyusha Kijiti vizuri sana, halafu ikagonga jina la kampuni yake mshazari juu ya uso wa Koti. Kulitoa jina hilo, ulipe. Bure ya mdomoni.

Ya pili ilikuwa ya simu. Hii haikugonga jina. Lakini ilimwondoa Mama Pacha ikaacha kivuli chake ukutani, kivuli kisicho na mwenyewe, na ikairudisha picha imepunguzwa mpaka ikawa ya ukubwa wa stempu. Ukiikuza kwa ajili ya ukuta wa ukumbi, Koti anakuwa miraba mitupu kama matofali.

Ya tatu ni nzito. Ilichukua nusu siku kushuka, na kompyuta yangu ilikoroma kama mgonjwa. Imetengenezwa na watu wa kujitolea walioko kila pembe ya dunia, hakuna tajiri anayeimiliki, na mwenye kuitaka anachukua. Naipenda kwa hilo. Ila inataka uvumilivu, maana nayo haikubebi mgongoni. Unamkata mtu taratibu ukifuata ukingo wa bega na sikio, unamnyanyua, unamweka kwenye tabaka lake, kama karatasi ya plastiki angavu juu ya nyingine. Pale alipokuwa amesimama unaziba kwa kipande cha ukuta ulichonakili jirani. Kando ya kila tabaka kuna alama ya jicho. Ukilibonyeza likafumba, mtu haonekani. Ukilibonyeza tena, huyu hapa.

Ile kazi ya kufuata ukingo ndiyo iliyonilazimisha kuikuza picha mara nane. Nikaona ninachokwambia. Mkono wa Koti uliokuwa hewani haukuwa ngumi wala kiganja cha mhutubu. Ulikuwa kidole kimoja. Kinaelekea getini, walipokuwa wamesimama wale wanawake watatu. Nyuma ya bega lake dirisha la ofisi liko wazi, na karani wa Meneja ameinamisha kichwa, anaandika. Na juu ya dirisha kuna saa ya kiwanda. Saa kumi na dakika mbili.

Saa kumi na dakika mbili Dada alikuwa bombani, anawatekea maji waliogoma.

Nilinyanyuka, nikafunga mlango wa duka, nikakaa tena. Sikulia. Nilihesabu vifungo vya lile koti kwenye picha. Vitatu.

Alhamisi Koti akarudi kusimamia mwenyewe. Alivuta kiti akakaa begani kwangu, ananuka mafuta ya nywele.

"Anza na huyu mwenye ndoo," akasema.

"Mbona yuko mbali sana, mwenyekiti? Hata haonekani."

"Nimesema anza naye. Halafu huyu. Na huyu. Na huyu."

Alikuwa anagusa kioo cha kompyuta kwa kidole cha shahada, kile ambacho ukucha wake ulipondwa na mashine ya kukatia miche ya sabuni, ukaota umepinda. Mama Pacha, Kijiti, Bi Mizani. Kwa mpangilio uleule wa barua. Mkono umenyooka vilevile, kiwiko vilevile. Nilitazama kidole kwenye kioo na kidole ndani ya picha: ukucha uleule uliopinda.

"Na huyu wa dirishani?" nikauliza kwa upole.

"Nani? Mtoe naye. Na saa ile ukutani ya nini? Inachafua ukuta."

Nilifumba macho ya matabaka yao mmoja mmoja, na wale wengine wa nyuma wote kwa pamoja. Kila mmoja alipotoweka, Koti alitikisa kichwa kama anayekunwa mgongo. Mwishoni alibaki yeye na ukuta mweupe.

"Kweli wewe fundi," akasema. "Wamekwenda kabisa?"

"Wewe unawaona?"

"Siwaoni."

"Basi."

Hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu aliyezoea kwamba akimwondoa mtu, mtu ameondoka. Akaichukua picha yake ya karatasi, akaichana mbele yangu, akatupa vipande kwenye pipa langu la taka, akaniaga kwa kunipigapiga shavu. Vipande vilikuwa kumi na kimoja. Nilivigundisha juu ya kadibodi kabla chai yangu haijapoa.

Chama kina kanuni: hakitundikwi kitu ukutani mpaka wanachama, wa zamani na wa sasa, wakione na kukiinulia mikono. Kanuni hiyo aliitunga Koti mwenyewe, zamani, ili kuzuia picha ya mpinzani wake. Kwa hiyo Jumamosi alasiri niliitwa ukumbini na kompyuta yangu, nikaiunga kwenye projekta.

Kumleta Dada ndiyo iliyokuwa kazi.

"Nikafanye nini kule?" alisema. "Nikageuziwe visogo? Vya sokoni vinanitosha."

"Vaa viatu, dada. Siku moja tu nisikilize mimi."

"Wewe nikikusikiliza huwa nafukuzwa mahali."

Lakini alivaa. Akakaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, mkoba kwenye kiti cha pembeni, mkono juu yake, tayari kuondoka. Safu ile yote ikahama. Nilikiona kila kiti kilichosogezwa, na najua nani alikisogeza.

Koti alihutubia. Akasema siku ile alisimama peke yake mbele ya mabavu. Nikaiwasha picha: Koti mkubwa kama mlango, mkono hewani, nyuma ukuta mtupu. Watu wakapiga makofi. Kisha Bi Mizani, amekwishazeeka, fimbo mkononi, akasema kutoka safu ya pili:

"Samahani, mwenyekiti. Ulikuwa unamhutubia nani? Ukuta?"

Wakacheka. Koti naye akacheka. "Aa, shangazi, fundi amesafisha kidogo, ili ionekane vizuri."

"Kama wanachama wanataka kuona aliowasafisha," nikasema, "wapo."

"Hakuna haja," akasema Koti.

"Tuwaone!" akapaza sauti Kijiti, ambaye siku hizi ni mnene kupita wote na bado anaitwa Kijiti.

Nikabonyeza jicho la kwanza. Mama Pacha akasimama getini. Ukumbi ukashangilia. La pili, Kijiti. "Nilikuwa na kiuno jamani!" La tatu, Bi Mizani, pamoja na kundi lote la nyuma. Watu wakawa wanaitana majina, wanaonyeshana. La nne, karani dirishani, na kalamu yake. Kelele zikapungua. La tano, saa ya ukutani. Kisha nikakikuza kile kidole mpaka kikajaa ukuta mzima, ukucha uliopinda ukiwa mkubwa kama sahani.

Vichwa vikageuka kuutazama mkono wa Koti.

"Na huyu wa mwisho," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda, ilikuwa tamu mno. "Mwenyekiti aliniambia nianze naye." Nikairudisha picha kwenye ukubwa wake, nikabonyeza. Dada akainama bombani na ndoo zake mbili, na saa ya ukutani inasema saa kumi na dakika mbili.

"Uongo!" Koti akaruka. "Hiyo kompyuta! Huyu ameunga! Na ile saa ilikuwa mbovu, kila mtu anajua!"

"Mbovu?" Bi Mizani alisimama kwa kujivuta. "Saa ile ilitufungia geti miaka tisa tukichelewa dakika moja. Ikawa mbovu siku hiyo tu?"

Nikampelekea kadibodi yenye vipande kumi na kimoja, na kioo changu cha kukuzia. Nikawaambia nani aliichana na wapi. Bi Mizani hakuwa na haraka. Aliangalia dirisha. Aliangalia kidole. Kisha akakaa muda mrefu kwenye ile pembe ya bomba. Halafu akampa Mama Pacha kadibodi, akachukua fimbo yake, akatembea mpaka kiti cha mwisho.

Alichomwambia Dada sikukisikia. Niliona tu Dada akiondoa mkoba kwenye kiti cha pembeni.

Picha ilipitishwa kwa mikono yote. Nzima, na watu wake wote, na vipande vya juu ya kadibodi chini yake kwenye fremu hiyohiyo. Koti alikuwa ameshatoka kwa mlango wa jikoni.

Jumatatu alikuja dukani. Safari hii alibisha hodi. Dada alikuwa ndani, ananisaidia kukata picha za pasipoti, na Bi Mizani amekaa kwenye kiti cha wateja akimkosoa anavyokata.

"Mdogo wangu," Koti akasema bila kuwatazama. "Ile picha bado hawajaichapisha. Nakuomba kitu kimoja. Nitoe mimi. Wabaki wao. Nina wajukuu, wanaingia ule ukumbi."

Miaka ishirini na miwili nilikuwa nimeandaa hotuba, aya kwa aya. Nilifungua mdomo.

Dada akanitangulia, mkasi mkononi, hakuinua hata macho.

"Mwache hapohapo aliposimama," akaniambia. "Asipunguzwe hata ukucha."