Mvua Ikianza, Niamshe

...amelala kweli au amefumba macho tu, maana mama huyu fundi cherehani ana vituko vyake, juzi alifumba hivihivi, kumbe anasikiliza feni inavyokwaruza, lakini leo mdomo umeachia, kile kidole chenye makovu ya sindano kimelegea juu ya paja, na hapo, Mungu wangu, anakoroma, kikoromo chembamba cha mtu ambaye hajalala sawasawa tangu usiku ule kilima kilipoporomoka na kufunika nyumba zao, na mnasihi wake, Dada Maswali, ndivyo wanavyomtania pale kwenye kituo cha manusura, huyo hata ukipiga chafya atakuuliza ulijisikiaje, amekaa kwenye kiti cha plastiki, hathubutu hata kukunja mguu... na maswali yamefanya nini, vuta pumzi, taja unachokiona chumbani, mama wa watu alifanya yote kwa adabu, kama anayemridhisha mtoto, kisha usiku akarudi kukaa kitako kwenye godoro la msaada, macho kodo, akikisikiliza kilima, na leo, leo hii, Dada Maswali alikuwa amwambie msimamizi kwamba kazi imemshinda, watafute mwingine... na ile aibu ya siku ya kwanza, umeamkaje, mama, ilimtoka tu, salamu ya kila mtu, fundi akamtazama kwa upole, "Si anaamka aliyelala, mwanangu? Mimi niulize nimekeshaje," tangu hapo salamu inamkwama kooni kila asubuhi, anabaki kusema karibu, karibu, kama mwenye duka... amepitiwa katikati ya maneno, alikuwa anaeleza habari za mdogo wake aliyelala chumba cha pili usiku ule, "Nilimsikia akiita, dada, dada, nikadhani naota, nikavuta shuka," kisha, kope zikishuka, "Nikipitiwa, mvua ikianza, niamshe, usinifanyie nilivyomfanyia," naye akajibu upesi, "Nitakuamsha, mama," ahadi rahisi, nje jua linawaka, nani angewaza mvua... na sasa hilo tone juu ya bati, na jingine, ah, jamani, si sasa, ingoje kidogo tu, mvua gani hii isiyo na huruma... mlango unafunguka kidogo, nesi anaingiza kichwa, "Mvua hiyo, muamshe, akishtuka mwenyewe atapiga yowe kituo kizima," Dada Maswali anamwashiria anyamaze, lakini nesi anasema kweli, ahadi ni ahadi, ila akimwamsha usingizi huu utarudi lini, na akimwacha, afumbue macho akute mvua imemtangulia, atamwamini nani tena duniani, mkono umeshanyooka, umesimama hewani juu ya bega la yule mama, haushuki wala haurudi, na mvua inashuka yote kwa mpigo, bati linanguruma, na kope za fundi zinafunguka nusu.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Ni mvua hiyo."

"Ni mvua. Ndiyo kwanza imeanza."

"Unakiangalia kilima?" na Dada Maswali anageukia dirisha, kipo kulekule ng'ambo ya barabara, kidonda chake chekundu kimelowa, hakuna kinachosogea, "Nakiangalia, mama. Kimetulia." "Haya," anasema fundi, kama mlinzi anayemkabidhi mwenzake funguo, anageuza shavu upande wa ukuta, na analala, analala ndani ya mvua ileile, bati likinguruma juu ya kichwa chake, na mwili wa Dada Maswali unasisimka kuanzia kisogoni, machozi yanamlenga, hajui hata ya nini, kumbe ndiyo hiyo, muda wote huu mama huyu alikuwa zamu peke yake, akiwalinda waliobaki na hata waliokwisha kuzikwa, hakuna aliyekuja kumpokea, na sasa amempokeza yeye, yeye wa kubabaisha, bila swali hata moja, ni kitu kikubwa mno kupewa mchana kweupe kwenye kiti cha plastiki, anaogopa hata kupepesa macho... nesi amerudisha mlango polepole, msimamizi atasubiri, huenda asiambiwe kitu, mvua inapiga, kikoromo kinapanda, kinashuka, macho yake yako kwenye kilima, hayabanduki, na kooni ile salamu imekaa tayari, umeamkaje, mama, umeamkaje, lakini bado, asimharakishe, mwache alale...