Nazi 10,007

Kitu cha kwanza Mwaija alichokiona asubuhi ile ni kwamba vifuu viwili alivyoviacha kando ya mbuzi havikuwepo. Nazi aliyoikuna jana ilikuwa imerudi juu ya lundo uani, ikiwa na makumbi yake, na kisamvu kilichobaki chunguni hakikuwa tena na tui. Akakipasha moto hivyo hivyo, akala na mama yake.

Lundo lile lilitoka shamba la marehemu babu yake, mzee Bwanausi, kule Makurunge. Warithi walikuwa wawili: mjomba Kibwana na Mwanahija, mama yake Mwaija. Kwa sheria ni mafungu matatu, mawili ya mjomba, moja la mama. Fungu hilo mama alikwisha kulipangia bati, kwa sababu makuti yalikuwa yanavuja hadi kitandani.

Walihesabu nazi mbili kila mkono, kila mia ikiwekewa kokoto. Zikawa 10,007. Walipogawa mafungu matatu zikabaki mbili.

"Hizo chukua wewe, kaka," mama alisema.

Walipokwenda kunywa chai, mafungu yakarudi kuwa lundo moja. Wakaazima nazi moja kwa jirani ili zigawanyike. Nayo ikarudi kwa jirani.

Mjomba akamwita Mwalimu Leodgar, anayefundisha hesabu shule ya karibu. Mwalimu akachuchumaa, akagawanya mchangani kwa kijiti: kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba, akaendelea hadi tisini na saba, akakitupa kijiti.

"Zaidi ya hapo hakuna haja," alisema. "Kama kuna namba kubwa inayoigawa, mwenzake itakuwa ndogo, na ndogo zote tumeshazijaribu. Hii ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Sema tuelewe, mwalimu."

"Ama watu kumi elfu na saba, kila mtu nazi moja. Ama mtu mmoja, zote."

Mjomba akacheka. "Watu wote hao niwatoe wapi? Mazishi ya mzee yenyewe hatukufika mia. Basi mtu mmoja."

Akapiga simu kuita lori.

Mama hakubishana na hesabu. Alikisogeza kitanda upande wa pili wa chumba.

Mavuno yaliyofuata yakawa 10,007, na yaliyofuata hayo pia. Mkwezi akaacha kuhesabu. Mjomba alikuwa akifika na lori, anaitikia shikamoo, anasimamia upakiaji. Mwaija, ambaye shule aliiachia darasa la tano na huongea akitazama chini, alipakia pamoja na vibarua.

Safari hii lori lilitangulia Kerege, mjomba akabaki kusubiri bodaboda. Akaomba maji. Mwaija akamletea kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti, akangoja amalize kunywa.

"Mjomba," alisema. "Mwalimu alisema mtu mmoja. Hakusema ni wewe."